Mayai Yanamkataa

Mama mkwe wangu, Aoko, ana miaka sabini na miwili na hajawahi kula yai. Si kwamba aliyakosa. Kuku wake wanataga hadi chini ya kitanda kule Luanda Kotieno, Uyoma, na kila asubuhi anawauzia abiria wa feri ya Mbita mayai ya kuchemsha, na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Anamenya kwa vidole vyake mwenyewe, anampa mtu, mtu anakula amesimama hapo mbele yake. Yeye hali. Binti zake hawali. Binti za wanawe hawatakiwi kula. Kwa Kijaluo tunaita kwero, yaani kitu cha mwiko, na ukimuuliza sababu anakuangalia kama umemuuliza kwa nini watu wanavaa nguo.

Wengi waliacha mambo hayo zamani. Nyumba ya Aoko haikuacha.

Mimi niliolewa hapo nikitoka Nyakach, kwetu yai ni mboga kama mboga nyingine. Ndiyo maana mpaka leo haniiti Agneta, ananiita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, na kuna siku analitamka hilo jina kama jina la ugonjwa. Yeye alizaa watoto wanane bila kisu. Mimi Quinter wangu wa kwanza alitoka kwa kisu. Mama mkwe alikuja hospitalini na uji kwenye flaski, akakaa kando ya kitanda, akaitazama bandeji, akasema kwa upole kabisa, "Watu wa Nyakach mnakula mayai sana." Nikanywa uji. Ungekuwa wewe ungesema nini, na tumbo limeshonwa?

Sisemi ni mtu mbaya. Dalmas mume wangu alipokaa mwaka mzima bila kazi, ni yeye aliyekuwa akituletea viazi vitamu na samaki wa kukausha kila Jumamosi, anaweka mlangoni, hasemi neno. Kilema chake ni kimoja: kitu akishakisema, kimesemwa.

Basi mimi nikachagua njia ya waoga. Quinter alipoota meno, kliniki waliniambia mpe mtoto yai. Nikampa. Nimempa miaka kumi na tatu. La kukaanga, la kuchemsha, ndani ya chapati, juu ya mkate. Na kila Mama akija kututembelea hapa Kaloleni, Kisumu, trei ya mayai inahamia kwa jirani yangu Magdalene, mwanamke wa Murang'a mwenye duka la nguo mjini na friji kubwa. Magdalene akiniona kwenye mlango wake nimekumbatia trei, anacheka mpaka anashika ukuta.

"Wakimbizi wamefika! Leo wamekimbia vita gani?"

"Vita imeshuka kwenye gari la Bondo. Fungua friji."

"Mama Quinter, wewe mtu mzima, una meno yako yote, unamwogopa mwanamke mwenye manne."

"Hayo manne ndiyo yanauma."

Dalmas anajua. Anakula hayo mayai asubuhi, halafu jioni anakaa na mama yake wakizungumza jinsi watoto wa siku hizi wanavyoharibika.

Sasa sikia. Quinter ni golikipa wa mpira wa mikono wa shule yao. Ni mrefu, mikono kama makasia, hakuna kitu kinampita. Muhula huu timu yao ikaalikwa kucheza Jinja, Uganda. Kuondoka Jumamosi tarehe ishirini na moja. Mwalimu wao wa michezo, Mburu, mtu wa Nyeri, akaita wazazi na kutuambia kwamba bila kadi ya chanjo ya homa ya manjano mtoto hatavuka mpaka pale Busia. Na hiyo kadi inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano. Kwa hiyo mwisho wa kuchanjwa ni Jumatano tarehe kumi na moja. Akairudia mara tatu, maana anatujua.

Nilidhani hapo hakuna la kujadili. Nyumbani nikakuta mjadala.

"Uganda ni hapo tu," Dalmas akasema. "Mimi nimevuka Busia mara ngapi na sijaulizwa kadi. Mbu wa Kenya na mbu wa Uganda si ni ndugu?"

"Wewe ulivuka wapi? Kwa lango ama kwa shamba la mahindi?"

Akahamia lingine. Akasema, "Na manjano si alishaugua? Alipozaliwa macho yalikuwa manjano kabisa, tukamwanika juani."

Mwanamume amesoma mpaka kidato cha nne. Mimi niliishia la nane, na ni mimi nilimweleza kwamba mtoto mchanga kuwa na macho ya manjano na homa ya mbu ni vitu viwili, kama ngege wa ziwani na samaki wa plastiki wa dukani. Nikaamua peke yangu. Mtoto atachanjwa. Nikamwambia Mwalimu Mburu andika jina, nikarudi ufukweni Dunga kukaanga samaki wangu wa kuuza, nikajua nimemaliza.

Kumbe mwalimu alikuwa na fomu. Fomu ya afya, maswali kama ya polisi. Ijumaa akapita nyumbani ijazwe, na Ijumaa hiyo mimi niko Dunga, Dalmas hayuko, aliyeko nyumbani ni Mama, ambaye alikuwa ameingia asubuhi bila kupiga simu kama kawaida yake. Bahati mayai yalikuwa yameisha, mkimbizi hata mmoja hakuwepo. Mama akamkaribisha mwalimu, akampa chai, akajibu maswali yote. Akaniambia jioni, "Mwalimu wenu ni mtu wa heshima. Tumejaza karatasi."

Nikasema asante Mama. Sikuuliza. Kosa langu ni hilo.

Jumatatu walimu wakapeleka timu nzima kliniki ya wasafiri mjini. Wasichana kumi na wawili walichanjwa. Mmoja alirudishwa. Quinter aliingia nyumbani saa kumi, akaweka barua juu ya meza, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye beseni lililopinduliwa. Barua ilisema: Hakuchanjwa. Ana aleji ya mayai.

Nikampigia Mburu hapo hapo.

"Mwalimu, nani alikuambia mtoto wangu ana aleji ya mayai?"

"Shosho, bibi yake, ndiye alisema."

"Alisema nini hasa? Neno kwa neno."

"Mama Quinter, fomu inauliza. Nikamuuliza, shosho, kuna chakula kinamkataa mtoto? Akasema mayai. Nikamuuliza tena, mayai inamkataa? Akasema kabisa, hata harufu."

Nikakaa chini. Wewe unayesoma umeshaelewa, kama umekaa huku kwetu. Chakula kikikukataa, maana yake ukila unavimba au unatapika. Wewe ukikikataa chakula, hayo ni maneno ya kwenu na mila zenu. Mwalimu wa Nyeri aliuliza la kwanza, mama wa Uyoma akajibu la pili, wote wawili kwa Kiswahili cha kuazima, wakanywa chai wakaagana. Na hiyo chanjo, mwalimu akanieleza, inatengenezwa kwa mayai ya kuku. Mtu ambaye mayai yanamkataa hachanjwi hiyo.

"Basi futa, mwalimu. Anakula mayai, mimi mama yake nakuambia."

"Fomu ilibaki kliniki. Na nesi amesema hawezi kuwa na maneno mawili kwa mtoto mmoja. Anataka mzazi aje, na yule aliyetoa maelezo aje naye."

"Naye? Shosho mwenyewe?"

"Shosho mwenyewe."

Nilizima simu nikatamani kuitupa ziwani. Siku mbili zimebaki. Ama nisimame mbele ya mama mkwe niseme nimemdanganya miaka kumi na tatu, ama mtoto abaki nyumbani wenzake wakipanda basi.

Usiku nikamwambia Dalmas, "Ni mama yako. Mwambie wewe."

Akakuna shingo. "Haya ni mambo ya wanawake."

"Mayai unayokula ni ya wanawake?"

"Nyinyi mtasikizana tu." Akavuta blanketi. Huyo ndiye mume wangu.

Mama hakuwa na shida yoyote. Nilipomwambia anahitajika kliniki alifurahi, akatoa kitenge chake kizuri. "Nitaenda. Mimi niliambia mwalimu ukweli na nitaambia daktari."

Nami kwa ujanja wangu nikamvuta Quinter kando Jumatano asubuhi. "Tutasema ulikula keki shuleni. Mara moja, siku ya kufunga shule. Hukujua ina mayai."

"Mathe, si ningesema tu ukweli?"

"Ukweli wa nani? Vaa viatu."

Nesi alikuwa kijana wa Kibukusu, Masinde, miwani mikubwa, mtaratibu sana, ule utaratibu wa kukutoa machozi. Akafungua faili. Tulikaa tumejipanga kwenye benchi, Mama, Quinter, mimi.

"Nani alisema mayai yanamkataa mtoto?"

"Mimi," Mama akasema, kichwa juu.

"Sawa, shosho..."

"Shosho ni nani? Mimi si Mkikuyu."

"Pole, Mama. Sasa mtoto akila yai inakuwaje? Anavimba midomo? Anawashwa? Anashindwa kupumua?"

"Hawezi kula."

"Akila lakini."

"Kijana, nimekwambia. Kwetu msichana hali mayai."

Masinde akaweka kalamu chini. Nikaona ameanza kuelewa, nikamshukuru Mungu. "Kwa hivyo hajawahi kula?"

"Hata moja. Tangu azaliwe."

Akanigeukia. "Mama mtoto, ni kweli?"

Nikautoa uongo wangu niliouandaa. "Alikula keki. Shuleni. Mara moja tu, hakujua."

Mama akageuza shingo polepole akaniangalia. Kisha akamwangalia Quinter, akamwambia kwa huruma, "Pole, mjukuu wangu. Walikudanganya."

Masinde akatikisa kichwa. "Kipande cha keki mara moja hakinisaidii. Kama hajala yai lenyewe, siwezi kujua. Nitawaandikia mwende kwa daktari apimwe. Daktari anakuja Jumatano ijayo."

"Jumatano ijayo ni tarehe kumi na nane," nikasema.

"Najua, Mama. Lakini mtoto akivimba koo hapa mkononi mwangu, tarehe haitanisaidia."

Alisema vizuri, siwezi kumlaumu. Akaanza kuandika. Quinter hakulia. Ningejua cha kufanya kama angelia. Alisimama tu, akachukua sweta lake kwenye benchi, akalikunja vizuri mara mbili, akamwambia bibi yake, "Dani, twende. Utachelewa gari." Basi. Mtoto wa miaka kumi na tatu anatuondolea sisi watu wazima aibu.

"Kaa chini," nikamwambia. "Nesi, acha kuandika. Mtoto anakula mayai. Si keki. Mayai. Nampikia mimi kwa mikono hii."

"Mara ngapi?"

"Kila juma. Mara tatu, mara nne. Tangu ana miezi minane. Wiki jana alikula omleti ya mayai mawili, akaenda akacheza mechi, hakuna goli lililoingia."

"Hajawahi kuvimba? Vipele?"

"Kamwe."

Hata mwanamke aliyekuwa akingoja kwenye kiti cha mlangoni na mtoto mgongoni aliacha kumbembeleza. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Nilingoja Mama aseme nimeharibu nyumba ya mwanawe. Nilingoja aseme Nyakach.

Akasema, "Kwa sufuria gani?"

"Mama?"

"Nakuuliza, Nyar Nyakach. Hayo mayai unapika kwa sufuria gani?"

"Ya... kuna kikaango."

"Ya kuchemsha. Unachemshia wapi?"

Nikavuta leso yangu kichwani.

"Ile ndogo ya mkono mweusi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ile ya uji wangu?"

Masinde akakohoa. "Mama, samahani, hapo nje kuna watu..."

"Wewe ngoja. Mimi nachemshia watu wa feri mayai miaka thelathini, na sufuria yake inalala nje na mbuzi. Haijawahi kuingia jikoni kwangu. Huyu ananipikia uji ndani yake. Miaka kumi na tatu! Nimekunywa uji wa mayai miaka kumi na tatu!"

"Ilioshwa, Mama."

"Ilioshwa!" Akamgeukia yule mwanamke wa mlangoni kumtaka awe shahidi. "Umesikia? Ilioshwa."

Yule mwanamke akafunika mdomo kwa leso ya mtoto. Masinde akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akaeleza kwamba yeye hana neno na sufuria. Anachotaka ni kitu kimoja: aliyesema mayai yanamkataa mtoto atie sahihi kwamba alikosea, ndipo achanje.

Ndipo tulipokwama kabisa. Mama alikataa.

"Sikukosea."

"Mama, mtoto anakula mayai, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia leo. Ijumaa nilikuwa sijasikia. Ijumaa nilisema ukweli. Soma ulichoandika."

Akasoma. "Mayai yanamkataa."

"Mimi sikusema hivyo. Mayai ina mdomo? Mayai itamkataa mtu namna gani? Nilisema anakataa. Sisi tunakataa. Mwalimu ndiye aligeuza. Sasa nitie sahihi nionekane bibi mwongo kwa serikali?"

"Mama," nikasema, "ni karatasi tu. Mtoto ataachwa na basi."

"Wewe nyamaza. Ukiongea wewe nanusa uji."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita unusu, na Masinde akatuambia chanjo ikishafunguliwa ni ya saa chache tu, ikipita wanaitupa. Quinter ndiye aliyeinama mbele ya bibi yake, akamshika magoti. "Dani. Aandike nini ndio utie sahihi?"

Mama akamtazama. Akamtazama muda mrefu, hasa mikono yake, ile mikono ya kasia. Halafu akamwambia nesi, "Kata hayo ya mwalimu. Andika hivi. Bibi anakataa mayai. Mtoto anakula. Mama yake ndiye alimpa."

Masinde akaandika hivyo hivyo, na lile la mwisho pia, nalo liko kwenye faili ya serikali mpaka leo. Akageuza karatasi. Mama alijifunza kuandika ngumbaru akiwa na miaka hamsini, na sahihi yake ni jina zima, herufi moja moja, kila moja anaikagua kabla ya kuendelea. A. O. K. O. Alipofika mwisho akarudi akaweka nukta mahali ambapo hapahitaji nukta.

"Chanja," akasema. "Na usimwumize."

Sindano yenyewe haikuchukua hata dakika. Quinter hakukunja uso. Tukaambiwa tukae nusu saa, nesi aone kama kuna kitu. Mama akamkalisha Quinter upande wake, mbali nami, na kila dakika tatu akawa anamwinua kidevu, anamwangalia midomo na koo.

"Fungua mdomo. Unapumua?"

"Napumua, Dani."

"Pumua tena nione."

Hilo neno la kuvimba koo lilikuwa limemwingia kuliko nilivyodhani. Alikuwa ametia sahihi akiwa na hofu, wala hakumwambia mtu. Nusu saa ikaisha. Quinter hakuvimba chochote isipokuwa kichwa, maana alipewa kijitabu cha manjano chenye jina lake na muhuri wa tarehe kumi na moja, akaanza kutembea nacho kama mbunge.

Nilidhani sasa tutarudi nyumbani. Samaki wangu walikuwa wakingoja Dunga tangu alfajiri, na mteja wangu mmoja wa hoteli alikuwa amenipigia mara sita. Mama akasimama kwenye ngazi za kliniki, akafunga kitenge vizuri.

"Nyar Nyakach. Twende Kibuye. Utaninunulia sufuria."

"Mama, kesho nitakutafutia nzuri kabisa."

"Leo sijakunywa kitu. Na kwako sinywi kwa ile."

Kwa hiyo mchana wa jua kali nilikuwa sokoni Kibuye, mimi, mama mkwe, na golikipa aliyekataza watu wasimguse mkono wa kushoto. Mama akaingia kwenye safu ya wauza vyombo. Sufuria ya kwanza aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akairudisha. Ya pili nyepesi. Ya tatu mfuniko wake si wa kwake. Ya nne ilikuwa ya fundi ambaye Mama anamjua baba yake, na huyo baba alikuwa mlevi. Niliacha kuhesabu. Quinter alinunuliwa muwa na bibi yake. Mimi sikununuliwa kitu.

Mwishowe akashika moja ndogo, akaigeuza, akanusa ndani, akamwambia yule muuzaji, kijana mwenye kofia, "Hii imewahi kupikwa mayai?"

"Mama, hii ni mpya. Imetoka kiwandani. Ona, karatasi iko."

"Sijakuuliza imetoka wapi. Nimekuuliza, imewahi?"

Kijana akanitazama mimi nimsaidie.

"Mjibu," nikamwambia. "Na uwe na hakika, maana atakuandikisha na utie sahihi."